Maporomoko ya Kakombe ndani ya Gombe: yanastahili safari yake yenyewe

Watu wengi wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Gombe huyafikia maporomoko ya Kakombe kama watu wanaopewa kifuta jasho: sokwe wamepanda juu mno au wamehamia bonde jingine, muda wa boti unakaribia, basi mwongozaji anawapeleka kwenye maji ili wasirudi Kigoma mikono mitupu. Kwa maoni yangu mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Kwa mkazi wa Kigoma, au kwa Mtanzania yeyote aliyefika mwisho wa reli akiwa na siku moja ya kutembea, maporomoko haya yanatosha kuwa shabaha ya safari nzima, na sokwe, wakijitokeza njiani, wahesabiwe kuwa bahati.

Hata hivyo ni lazima mgeni aende akijua anachokwenda kukiona. Kakombe si maporomoko ya kutisha. Mtu aliyewahi kusimama ukingoni mwa Kalambo, kule mkoani Rukwa kwenye mpaka wetu na Zambia, ambako mto unaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, atayaona haya ya Gombe kuwa madogo, kwa sababu kimo chake ni kati ya mita 20 na 25 tu, na kijito chenyewe wakati wa kiangazi mtu mzima anaweza kukivuka kwa kukanyaga mawe bila kulowa kifundo cha mguu. Tofauti ni kwamba Kalambo huitazama ukiwa juu na ukiwa na hofu ya kuteleza, ilhali Kakombe unasimama chini yake, uso kwa uso na maji, karibu kiasi kwamba manyunyu yanakufikia kabla hujamaliza kutafuta mahali pa kuweka mkoba. Ukaribu huo ndio ninaoulipia ninapokwenda huko, na sijaupata katika maporomoko mengine niliyoyaona nchini.

Sababu ya kuwapo kwa maporomoko hayo inaonekana tangu ukiwa ziwani. Gombe ni ukanda mwembamba wa milima uliobanwa kati ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha ukingo wa Bonde la Ufa kinachopanda hadi kukaribia mita 1,600, na umbali kati ya ufuko na kilele hicho ni wa kilomita chache tu. Vijito kama Kakombe, Mkenke, Kasekela na Mitumba havina nafasi ya kuzungukazunguka: vinashuka moja kwa moja kuelekea magharibi, kila kimoja katika bonde lake lenye kuta kali, na pale mwamba unapokatika ghafla, maji nayo hayana budi kuanguka. Hifadhi hii ilianza kama pori la akiba mwaka 1943 na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na kwa miaka mingi ilikuwa ndogo kuliko zote nchini, mpaka Kisiwa cha Saanane kule Mwanza kilipotangazwa mwaka 2013 na kuichukulia nafasi hiyo. Udogo wake ni faida kwa mgeni wa siku moja, kwani ufuko, msitu, maporomoko na mwinuko wa kutazamia ziwa vyote viko ndani ya mwendo wa miguu.

Nianze na mapokezi ya Kasekela, ambako boti hutia nanga. Nilihudumiwa kwa utaratibu na kwa lugha ya heshima, bila ile tabia inayokera katika baadhi ya maeneo ya utalii ya kumchangamkia mgeni wa kutoka ng'ambo na kumwacha mwananchi akisubiri kwenye benchi. Maelezo yalitolewa kwa Kiswahili kamili, polepole, na maswali ya watoto wa shule waliokuwa mbele yetu yalijibiwa kwa uzito uleule. Kiingilio cha raia ni sehemu ndogo sana ya kile anachotozwa mgeni wa nje, na gharama ya mwongozaji hulipwa kando. Kwa kuwa viwango hubadilika, ni vyema kuuliza kabla ya kuondoka mjini. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa noti mkononi, kwa hiyo atakayetegemea simu yake afahamu kwamba milima hiyo haina urafiki mkubwa na mawimbi ya mtandao; nashauri shughuli hiyo imalizwe ukiwa bado Kigoma mjini.

Jambo moja ni la kusema mapema kabisa pale mapokezi, nalo ni kwamba shabaha yako ni maporomoko. Usiposema, utapangwa pamoja na wanaofuatilia sokwe, na ufuatiliaji huo ni kazi nyingine kabisa: mwongozaji huwasiliana na wenzake waliotangulia msituni, kisha mnakata kulia, kushoto, juu na chini kuwafuata wanyama ambao hawana ratiba yoyote na ninyi. Hiyo ni starehe yake, siikatai, lakini aliyekwenda kwa ajili ya maji anaweza kujikuta saa nane mchana yuko kwenye mteremko wa bonde la tatu, hana maji wala sokwe. Wala usifikiri utaingia msituni peke yako. Bila mwongozaji haiwezekani, na ukishaiona njia hutatamani kujaribu.

Njia yenyewe ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Inaanza ufukweni kwenye changarawe na jua kali, na baada ya dakika chache tu inaingia chini ya miti mirefu ya bondeni, ambako joto linapungua kwa ghafla na sauti ya ziwa inapotea. Hapo kuna mikuyu, mitambaazi minene kama mkono wa mtu, na michikichi iliyojiotea kati ya miti ya mwituni. Mwenyeji wa Kigoma anayekula mboga za mawese tangu utotoni atafurahi kuambiwa kwamba sokwe wa Gombe nao hula chikichi, wakati wenzao wa Mahale, hifadhi nyingine iliyo kusini zaidi kwenye mwambao wa ziwa hilihili, hawazigusi ingawa miti hiyo ipo katika maeneo yao. Watafiti huutaja mfano huo wanapoeleza kwamba hata sokwe wana desturi zinazotofautiana baina ya jamii na jamii. Mwongozaji wetu alitueleza hayo akiwa ameshika chikichi iliyotafunwa na kutupwa njiani, na nilipenda kwamba somo lilitolewa mahali pake badala ya kusomwa kwenye bango.

Kupanda si kugumu, ila kunachosha. Niliongozana na shangazi yangu, mama mtu mzima ambaye magoti yake hayampi ruhusa ya kila jambo, na mara tu njia ilipoanza kuinuka aliuliza, “Mwanangu, bado mbali?” Kijana akajibu kwa adabu, “Hapana, mama, tumeshafika.” Tuliendelea kupanda kwa muda mrefu baada ya hapo. Waongozaji wa milimani huhesabu umbali kwa miguu yao wenyewe, na hilo ni kosa ninalowasamehe kwa urahisi kwa sababu kijana yuleyule alipunguza mwendo bila kuombwa, akakata fimbo ya mkononi kutoka kwenye tawi lililokwisha anguka, na kila penye jiwe la kuteleza alitangulia na kusimama upande wa bondeni. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida, safari ya kwenda haizidi saa moja kwa mwendo wa pole. Shangazi alichukua zaidi ya hapo, na hakuna aliyemharakisha.

Maporomoko hayaonekani kwa mbali. Unayasikia kwanza, kisha njia inapinda, kuta za mwamba zinakaribiana, na maji yanakuwa mbele yako, yakishuka wima kama kitambaa cheupe kilichotundikwa, na kupiga kwenye dimbwi la kina kifupi lililojaa mawe. Hewa ya mle ndani ni ya baridi na ina upepo wake wenyewe, kwa sababu maji yanapoanguka husukuma hewa mbele yake, na majani ya kangaga walioshika mwambani hayatulii hata siku ambayo msituni kote hakuna jani linalotikisika. Atakayetarajia bwawa la kuogelea atasikitika. Hakuna pa kuogelea. Kuna pa kusimama, pa kukaa, na pa kunyamaza, kwa kuwa kelele ya maji hairuhusu mazungumzo marefu.

Ni hapa ndipo Kakombe inapojitenga na maporomoko mengine yote, na naomba msomaji anivumilie nikieleza kwa kirefu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa ametumwa na Louis Leakey, mtafiti wa asili ya binadamu, na kazi aliyoianzisha haikukoma hata baada ya yeye kufariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91. Dunia inamkumbuka zaidi kwa kugundua, mwaka uleule wa 1960, kwamba sokwe hutengeneza na kutumia vijiti kuvulia mchwa kwenye vichuguu. Lakini aliona jambo jingine katika bonde hili, na kwangu mimi ni la ajabu kuliko lile la vijiti. Aliona kwamba sokwe dume, akikaribia maporomoko na mngurumo ukazidi, manyoya yake husimama na mwendo wake huongezeka. Akifika kwenye maji huyumba kwa mpigo wa taratibu kutoka mguu mmoja hadi mwingine, hukanyaga kijitoni kwa kishindo, huokota mawe makubwa na kuyarusha, na mara nyingine hushika mtambaazi na kubembea ndani ya manyunyu. Hayo yanaweza kuendelea kwa dakika kumi au zaidi. Na yakiisha, yule dume huweza kukaa juu ya jiwe akiyatazama maji yanavyoanguka, kana kwamba anayafuata kwa macho. Hakuna chakula anachokipata hapo, wala adui anayemtisha. Goodall alijiuliza kama hiyo si hisia ya mshangao, ya namna ileile ambayo kwa binadamu huenda ilizaa ibada.

Mimi si mtaalamu wa wanyama na sitatoa hukumu. Ninachoweza kukihakiki ni namna habari hiyo inavyowasilishwa kwa mgeni, na katika hilo natoa alama zote. Mwongozaji alisubiri tukae, tupumzike, tuyatazame maji kwanza kwa macho yetu; ndipo akasogea karibu, kwa sababu ilibidi apaze sauti, na akaeleza akitenganisha kwa uangalifu yale aliyoyaona mwenyewe na yale aliyoyapokea kwa waliomtangulia. Alipoulizwa kama sokwe wanasali, alisema kwamba yeye ameona wakiyumba na kurusha mawe, na kwamba jina la kitendo hicho anawaachia wenye elimu yake. Waongozaji wangapi wangekubali kuachia nafasi kama hiyo ya kunogesha hadithi?

Anayetaka zaidi anaweza kuendelea kupanda hadi kwenye mwinuko ambao Goodall alikuwa akikaa na darubini yake, unaojulikana kwa jina lake. Mandhari ya ziwa ukiwa juu ni ya kupendeza, mteremko ni mkali, na kwa maoni yangu mtu achague kimoja: akifanya vyote kwa siku moja, atakuwa amevipita mbio vyote.

Kuna somo ambalo halimo katika maelezo ya mwongozaji lakini linaonekana wazi ukiwa kwenye boti. Mpaka wa hifadhi unatambulika kwa macho, kwa kuwa milima ya ndani ina msitu na mingi ya milima ya nje ilikatwa miti kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa hadi ikabaki upara. Mwaka 1994 ulianzishwa mradi wa TACARE, chini ya taasisi ya Goodall, ukiwashirikisha wanavijiji katika vitalu vya miche, kilimo kisichomomonyoa udongo na misitu ya hifadhi ya vijiji, na sehemu kadhaa zimeanza kuota tena. Mteremko usio na miti haushiki mvua. Maji hushuka yote kwa siku moja pamoja na udongo, kisha kijito hukauka. Kakombe hutiririka hata katika miezi mikavu kwa sababu bonde lililo juu yake bado lina msitu. Nadhani ziara ya shule ingefaa ipite kwanza pwani ya vijiji, ndipo iingie hifadhini, ili wanafunzi waone vyote viwili kwa mpangilio huo.

Kuhusu majira, wapo wanaoshauri kwenda kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, kwa sababu njia ni kavu na sokwe hushuka karibu. Ushauri huo ni wa wafuatiliaji wa sokwe. Kwa anayefuata maji, naona wakati bora ni mvua zinapokwisha, Mei kuelekea Juni, ambapo maporomoko bado yamejaa na udongo umeanza kukauka. Katikati ya msimu wa mvua maji ni mengi na ya kupendeza zaidi, lakini mawe ya sehemu ya mwisho huteleza vibaya, na kandambili, ambazo niliziona miguuni mwa vijana wawili, ni za kuachwa nyumbani.

Masharti ya afya yazingatiwe hata kama hukwenda kwa ajili ya sokwe, maana nao hupita njia hiyohiyo. Mafua yetu huwaua. Mwenye kikohozi asiende. Barakoa ivaliwe wanapokuwa karibu, umbali usipungue mita kumi, na watoto wa chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwafuatilia, kwa hiyo mwenye familia aulize mapema watoto wake watafika wapi. Nyani ni habari nyingine. Hao wako ufukweni wakati wote, hawana haya, na mfuko wa mkate ukionekana umekwisha kuwa wao. Chakula huliwa ndani, na mlango hufungwa.

Nimeuacha usafiri mwisho kwa sababu ndiko kasoro kubwa iliko, na kasoro hiyo si ya hifadhi. Gombe haina barabara. Huendewa kwa maji tu. Boti za mbao za abiria huondoka Kibirizi, karibu na Kigoma mjini, mnamo mchana kuelekea vijiji vya kaskazini hadi Mwamgongo, hupita Kasekela baada ya takriban saa tatu, na hurudi asubuhi inayofuata, isipokuwa Jumapili ambapo kwa kawaida hazifanyi safari. Nauli yake ni nafuu na mazungumzo ya akina mama wenye mizigo yao ni burudani tosha, lakini kwa ratiba hiyo mgeni hawezi kwenda na kurudi siku moja, ni lazima alale hifadhini. Nyumba za wageni zilizopo Kasekela ni za kawaida, safi, na zinafaa kabisa kwa usiku mmoja.

Wanaotaka kurudi jioni hukodi boti ya injini ambayo hufika kwa muda mfupi zaidi, na hapo ndipo tulipopata karaha. Mwenye boti tuliyeelewana naye kuondoka saa moja asubuhi alituweka ufukweni hadi saa tatu akitafuta abiria wengine wa kujazia, ingawa tulikuwa tumekodi chombo kizima. Jaketi okozi zilikuwa pungufu kuliko watu, na mpaka tulipokataa kupanda ndipo nyingine zilipopatikana katika boti ya jirani, zikiwa na kamba zilizokatika. Wakati wa kurudi, upepo ulikuwa umeanza kulichafua ziwa kama ilivyo kawaida yake mchana, na nahodha akataka nyongeza ya mafuta tukiwa tayari tumeketi ndani. Mzee mmoja wa Kibirizi aliyetusikiliza baadaye alicheka tu na kusema kwamba tulilipa kama wageni.

Mnaokusudia kwenda kwa njia hiyo, jikusanyeni mapema ili gharama igawanyike, kubalianeni bei ikiwa na mafuta ya kwenda na kurudi ndani yake, hesabuni jaketi kabla ya kukanyaga mbao, na kiasi cha malipo kibaki mfukoni mwenu hadi mtakaposhushwa Kibirizi.